Komyuniti Yako ni Ipi

Sogea karibu kidogo, wewe uliyeambiwa ujieleze kwa maneno mia sita ili chuo cha mbali kiamue kama kinakutaka. Najua umechoka. Najua umefuta aya ya kwanza mara tisa na ya kumi inafanana na ya pili. Nitakueleza polepole jinsi nilivyomsaidia msichana mmoja kuandika insha kama hiyo, na kwa kuwa wewe ni msomaji makini, utagundua mapema kuliko nilivyogundua mimi kwamba sikumsaidia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha shule ya msingi hapa Thika, Kiswahili na somo la jamii, hadi siku waliponipa saa ya ukutani na kuniambia nipumzike. Sikupumzika. Mtaani kwetu Landless watu wanaamini kwamba aliyefundisha insha ya darasa la nane anaweza kufundisha insha yoyote duniani, nami sikuona sababu ya kuwakosoa. Kanisa lilinipa chumba kimoja nyuma ya jiko lao, chenye meza, viti sita na ubao mweusi, na watoto waliomaliza kidato cha nne wakaanza kuja na fomu zao.

Msichana ninayemzungumzia nilikuwa nimemfundisha akiwa mdogo. Alikuwa akiishi Kiandutu, mtaa wa mabanda, na mama yake, ambaye alitoka magharibi mwa nchi kabla mtoto hajazaliwa, akaja kutafuta kibarua viwandani, akakipata, akabaki. Msichana alikuwa amefaulu vizuri sana. Alikuwa ametuma maombi kwa chuo kimoja tu cha ng'ambo, kile ambacho kikikuchukua kinakulipia kila kitu mpaka nauli ya ndege. Upande wa pili, mama yake alikuwa ameshazungumza na msimamizi kiwandani, na palikuwa na nafasi kwenye meza ya kufungasha. Mama alimpa binti yake mpaka Pasaka. Chuo kisipojibu, ni meza. Meza hiyo ilikuwa ya kweli, ungeweza kwenda kuigusa. Chuo kilikuwa bado ni tovuti.

Swali lenyewe lilikuwa fupi, nalo liliandikwa kwa Kiingereza. Liliomba mwanafunzi aeleze komyuniti anayotoka, na nafasi yake ndani ya komyuniti hiyo.

Hapa nisimame kidogo nikueleze neno hilo, maana hadithi yote imening'inia juu yake. Huku kwetu tumefundishwa adabu ya kutotamka neno kabila mbele za watu. Linasikika kama tusi. Kwa hiyo tunasema komyuniti, au tukiwa kwenye Kiswahili cha redio, jamii. Mwenye nyumba akitaka kujua kabila lako kabla hajakupa chumba, anakuuliza kwa upole wewe ni wa komyuniti gani. Mwanasiasa akitaka kura za kabila lake, anasema komyuniti yetu imeumia. Na kwenye kitabu cha somo la jamii, nilichokifundisha mpaka kikachanika mgongo, jamii za Kenya zilikuwa na ramani yao, na mishale inayoonyesha kila moja ilitoka wapi.

Nilisoma swali, nikafurahi. Hili nalijua, nikajiambia. Nikachukua chaki.

"Tutapanga kwanza," nikamwambia. "Hatuandiki kabla ya kupanga. Asili ya jamii. Makao. Vyakula. Sherehe. Shughuli za kiuchumi."

Akanakili kila kitu, kisha akainua uso. "Mwalimu, lakini mimi huko nimeenda mara moja tu. Kwa mazishi ya babu. Na nililala kwa gari mpaka tukafika."

"Ulipoamka uliona nini?"

Akafikiri. "Ng'ombe."

"Andika ng'ombe."

Ndivyo ng'ombe yule alivyoingia kwenye insha, na baada ya kusoma kitabu akawa fahali, na baada ya mimi kupitia akawa mafahali wawili wanaopigana mbele ya kijiji kizima huku vumbi likitanda angani. Pakaja pia kuku wa kienyeji aliyepikwa kwa chungu, ingawa nilijua vizuri kwamba kwao sukuma wiki ndiyo iliyopikwa siku sita kwa wiki, na siku ya saba ilipikwa na mayai.

"Na hapo kwa nafasi yangu ndani yake," akauliza, "niandike nini?"

"Wewe ni binti wa jamii hiyo."

"Hiyo ni sentensi moja, Mwalimu."

"Ipambe," nikamwambia.

Kupamba nilikuwa na mamlaka nako. Nina daftari la mapambo ya lugha nililoanza kulikusanya nikiwa kijana, na sentensi zake za mapambazuko pekee zinajaza kurasa nne. Tulitafsiri tulizoweza. Msichana aliandika kwa bidii ileile aliyokuwa nayo darasa la sita, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo, akiamini kila nililomwambia. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko yote. Hakuwa na shaka nami hata kidogo.

Siku moja mama yake alipita akitoka kazini, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, nasikia hizo insha watu huandika shida," akasema. "Tafadhali msiandike shida zetu. Watafikiri hatuoshi nyumba."

"Hatuandiki shida, mama. Tunaandika utamaduni."

Akashukuru, akaenda zake ametulia.

Msichana alipomaliza, niliisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilimpa thelathini na sita kwa arobaini, alama ambayo sikuwa nimempa mtu tangu niajiriwe. Nne nilizokata zilikuwa za koma. Ijumaa tukaenda pamoja saiba ya mjini, penye kompyuta za kukodi, akaichapa, akaisoma tena, akabonyeza kitufe cha kutuma. Alama ndogo ya kijani ikatokea kuonyesha kwamba imefika. Nilimnunulia chapati. Nilikuwa mtu mwenye furaha kwa muda wa saa ishirini hivi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na mwanafunzi mwingine, Ruiru, kule Membley, kwenye nyumba yenye geti ndani ya mtaa wenye geti. Binti wa nyumba hiyo alikuwa akiomba chuo kilekile, kwa swali lilelile. Mama yake alinipokea na chai na wasiwasi.

"Mwalimu, tuna tatizo," akasema akinimiminia. "Huyu mtoto hana shida hata moja. Nimefikiri wiki nzima. Hajawahi hata kulazwa."

"Nilivunjika mkono nikiwa darasa la tatu," binti akasema kutoka kwenye kochi.

"Kilikuwa kidole. Na ulikuwa unateremka kwenye trampolini." Akanigeukia. "Sasa nikawaza, si tumpeleke pale Kiandutu hata siku moja? Akae nao, agawe unga, tumpige picha mbili tatu?"

Nikamwambia kwamba watu wa Kiandutu Jumamosi huwa na shughuli nyingi na huenda wasipate nafasi ya kugawiwa. Hakusikia kilichokuwa ndani ya maneno hayo, nami nikajipongeza kimoyomoyo kwa ulimi wangu. Nilikuwa bado mtu mwerevu. Ningebaki hivyo kwa dakika kumi zaidi.

Binti akanipa insha yake. Alikuwa ameandika kuhusu geti. Alieleza kwamba wameishi mtaa huo tangu akiwa shule ya msingi na anawajua majirani kwa rangi za magari yao: ile nyeupe ndefu huondoka kabla ya saa kumi na mbili, ile ya bluu ina mbwa. Mtu pekee anayewajua wote kwa majina ni mlinzi, na yeye binti ndiye pekee katika nyumba yao anayejua jina la mlinzi. Ilikuwa insha nzuri, isiyo na mapambazuko hata moja. Nikaisoma mpaka mwisho nikimsikitikia.

"Umeandika vizuri," nikamwambia kwa upole, maana mimi humsifu mtoto kwanza. "Lakini umetoka nje ya swali. Wameuliza komyuniti yako. Mimi sioni Wakikuyu popote hapa."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa mto.

"Ati Wakikuyu? Mwalimu. Hiyo swali haiulizi kabila. Kwao komyuniti ni watu tu. Watu wenye unaishi nao, wenye mnafanya vitu pamoja. Inaweza kuwa timu ya basketi. Binamu yangu yuko huko, aliniambia kuna mtu aliandika kuhusu basi ya shule."

"Basi?"

"Watu wa ndani ya basi, Mwalimu."

Mama yake alikuwa amesimama na birika mkononi. "Kumbe?" akasema. "Na mimi nimepigia cucu, nyanya yako, simu mara tatu atuambie mambo ya zamani. Mpaka ameitisha picha za zamani kwa watu wa ukoo."

Chai yangu ilikuwa bado moto. Niliinywa yote ili nipate kitu cha kufanya na uso wangu.

Sikwenda nyumbani. Nilishuka Thika nikaenda moja kwa moja Kiandutu, nikitembea na kupanga maneno njiani kama nilivyowafundisha wengine kupanga: utangulizi, mwili, hitimisho. Utangulizi ulikuwa kuomba msamaha. Mwili sikuwa nao.

Nilimkuta msichana uani kwenye ploti yao. Ni ploti ya vyumba kumi vinavyotazamana, mfereji mmoja katikati, na mwishoni bafu moja na choo kimoja. Kwenye mlango wa choo palibandikwa karatasi ya daftari yenye majina na siku, ndani ya nailoni, na mbele ya karatasi hiyo palikuwa na kesi. Mwanamume mmoja mwenye ndoo tupu alikuwa akibishana na mwanamke aliyemfunga mtoto mgongoni, na msichana wangu amesimama katikati yao na kalamu.

"Wiki yote sikuwa," mwanamume alisema. "Nilikuwa saiti ya mjengo. Choo sikutumia. Sasa nioshe ya nani?"

"Na Jumanne ni nani alikuwa anakohoa huko ndani asubuhi yote?" mwanamke akajibu. "Malaika?"

"Hiyo ilikuwa mara moja."

"Mara moja ni kutumia."

"Anko," msichana akasema, "wewe utaosha Alhamisi. Anti atachukua Jumapili yako kwa sababu Jumapili unaenda saiti tena. Lakini anti ako na mtoto mdogo, kwa hivyo maji utamchotea."

"Maji sina shida nayo," mwanamume akasema, kana kwamba maji ndiyo yaliyokuwa ushindi wake, akaenda kuyachota.

Msichana akafuta jina, akaandika jina, akaniona. "Mwalimu, karibu. Kuna kitu?"

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia swali halikuwa linauliza kabila, kwamba mimi ndiye niliyelielewa vibaya, na kwamba mafahali wote wale waliingia kwa mkono wangu. Katikati ya maelezo yangu alikuja mzee mmoja, mlinzi wa usiku, kumkumbusha kwamba amehamishiwa zamu ya mchana kazini, kwa hiyo karatasi ibadilishwe. Kisha mama mwingine akaja kuuliza kama siku yake inaweza kuwa yoyote isipokuwa Jumamosi, maana Jumamosi ni sabato kwao. "Nakumbuka, anti, niliitoa," msichana akamjibu bila kuniondolea macho.

Nami nikasimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu fomu zile ziletwe nikaona mbele yangu jibu la swali.

"Ni hii," nikamwambia. "Hiki ndicho walichokuwa wanauliza."

Akaangalia nilikokuwa nikionyesha. "Mwalimu, hii ni choo."

"Najua."

"Ni choo tu."

Akaketi kwenye kizingiti cha chumba chao. Hakulia, wala hakunilaumu, na ningependelea anilaumu. Aliuliza jambo moja tu: kama ile insha inaweza kurudishwa. Tukaangalia kwenye simu yake. Tovuti ilisema kwamba kilichotumwa hakibadilishwi. Alama ya kijani ilikuwa bado pale, nzuri kama jana.

"Basi tuwaandikie imeili," akasema. "Tuwaambie tu."

Nikasema nitamsaidia. Tayari nilikuwa na mwanzo kichwani, wenye heshima na taadhima na kupiga magoti kwa maandishi. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu.

"Mwalimu, hii ni imeili," akasema. "Wacha niandike, alafu wewe uangalie."

Mama yake alirudi wakati anaandika, akasoma juu ya bega lake, akashtuka.

"Unawaambia watu wa ng'ambo tuna choo moja?"

"Ndiyo, mama."

"Vyumba kumi, choo moja?"

"Si ndiyo ukweli?"

Mama akanitazama mimi aliyemwahidi utamaduni. Akavuta kiti akaketi. "Basi waambie ni safi," akasema.

Ninaiweka hapa kwa Kiswahili, kadiri ninavyoikumbuka:

"Niliandika kuhusu kabila langu kwa sababu kwetu neno mlilotumia maana yake ni kabila. Mwalimu wangu alidhani hivyo pia, na yeye ni mwalimu mzuri. Mambo ya mafahali niliyatoa kwenye kitabu. Watu ninaoishi nao wako vyumba kumi. Wametoka pande nyingi za nchi na wana choo kimoja. Mimi ndiye ninayeandika zamu ya kukiosha. Nilianza nikiwa na miaka kumi na miwili kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Mwenye mtoto mchanga haoshi miezi miwili. Mlinzi akiwa zamu ya usiku huosha mchana. Anayesali Jumamosi hapewi Jumamosi. Mtu akikataa, wengine hutaka niandike jina lake kwa wino mwekundu, lakini mimi huenda kwanza kumuuliza ana nini. Mara nyingi ana kitu. Choo ni safi, mama amesema niwaambie. Kama insha yangu haiwezi kubadilishwa, ni sawa. Sikutaka tu mfikiri kwamba najua mambo ya mafahali."

Koma mbili hazikuwepo. Nilizinyamazia.

Jibu lilikuja Jumanne, mistari miwili. Insha haibadilishwi. Barua yako imewekwa kwenye faili lako. Msichana alinisomea, akaniuliza ni vizuri au ni vibaya. Nikamwambia tungoje. Sikumwambia kwamba kwa mtu aliyefanya kazi ya serikali maisha yake yote, kuwekwa kwenye faili ni namna ya kuzikwa.

Miezi ikapita. Mama akamkumbusha msimamizi kuhusu ile meza, msimamizi akasema ipo. Msichana alipimwa koti la bluu la kazini, akaambiwa mikono ni mirefu lakini itakunjwa. Mimi nikaendelea na wengine nyuma ya jiko la kanisa, ila daftari la mapambo nililiacha nyumbani. Kule Ruiru, binti wa geti aliandikiwa kwamba amekosa nafasi. Alijiunga na chuo kilicho barabara ileile ya kwao, na anaendelea vizuri, ingawa mama yake bado anaamini kwamba kilichomwangusha ni kukosa shida.

Wiki moja kabla ya Pasaka, msichana aliingia chumbani kwangu na mama yake nyuma. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

"Wamenichukua, Mwalimu."

Nikaketi. Akanisomea. Walikuwa wameongeza mstari mmoja, kwamba barua yake kuhusu zamu ilisomwa kwa sauti kwenye kikao chao.

Mama yake alikuwa akitafakari. "Kwa hivyo ni choo," akasema.

"Ni choo, mama."

"Na zile ng'ombe?"

"Hawajataja ng'ombe."

Mama akatikisa kichwa, akaangalia ubao wangu, ambako maneno asili, makao na vyakula yalikuwa bado yanaonekana kidogo kwa sababu kifutio changu ni kibovu. "Na huko kwao," akaniuliza, "choo huosha nani?"

Sikujua. Msichana akasema atauliza akifika.

Zamu ya ploti siku hizi anaiandika yule anko wa saiti. Nasikia ni mkali sana, na amejipa Alhamisi.

Sasa wewe. Kabla hujapanga, kabla hujatafuta mapambazuko, chukua swali lako uliandike upya kwa maneno yako mwenyewe juu ya karatasi. Kisha mpe swali la asili mtu wa mtaa mwingine, asiyekula nanyi, umwombe aandike anavyolielewa yeye. Weka karatasi hizo mbili pamoja mezani. Zikitofautiana, usiandike neno lolote mpaka ujue ni kwa nini.